Mbuzi wa Nadhiri Nyuma ya Waya

Mama mdogo alimshika yule mbuzi sikio, akamwambia Mungu: huyu. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto. Ndani, mjukuu wake, msichana ambaye alikuwa hajaota hata jino, alikuwa ametetemeka kwa homa mpaka macho yakageuka, na mama wa mtoto alikuwa amekaa chini ukutani, hana hata nguvu ya kulia. Watu wa zahanati walikuwa wamekwisha kumchoma sindano na kuturudisha nyumbani. Mama mdogo akatoka nje, akavuka ua, akamkamata mbuzi dume mweusi aliyekuwa anatafuna maganda ya muhogo, akamvuta sikio juu kana kwamba anamwonyesha mnunuzi.

"Huyu," alisema. "Mutoto akipona, huyu njo wa akika yake. Hapana mwingine."

Mtoto akapona. Mimi nilisema ni sindano. Nilikuwa nimerudi Likasi kutoka Lubumbashi na diploma ya sheria, sina kazi, nikikaa kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, katika nyumba ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Sikuwa na kitu cha kuchangia ila maswali, na hayo niliyatoa kwa ukarimu.

"Na huyu akifa?" nilimuuliza. "Mwingine hafai?"

"Weye ukiahidi kumupa muntu mukono wako," alinijibu, "utamupelekea mukono wa jirani?"

Akika ni mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa. Kwetu hufanywa mapema, lakini mtoto huyu alizaliwa mgonjwa na siku yake ilipita tukiwa zahanati. Sasa, kwa sababu ya nadhiri, shughuli ilikuwa na mbuzi wake kabla haijawa na tarehe. Tulikuwa tunamngojea baba wa mtoto, mwana wa mama mdogo, dereva wa lori, atoke safari. Mnyama wa akika lazima awe mzima: si kilema, si kipofu, masikio kamili. Basi kila asubuhi mama mdogo alimkagua mbuzi meno, kwato na masikio, na alimfunga kamba nyekundu shingoni ili majirani wajue kwamba yule si mbuzi wa kutupiwa mawe.

Nyuma ya kambi yetu, upande wa barabara ya Kambove, kuna eneo ambalo watu walikuwa wanalisha mbuzi na kuokota uyoga tangu wakati wa mgodi. Halafu likapata mwenyewe. Hatukumwona, tuliona waya, na baada ya waya majengo marefu yenye mabati meupe, na baada ya majengo, harufu. Watu wakapaita Ferme, yaani shamba la mifugo. Kulikuwa na kuku na nguruwe, na pembeni jengo moja ambamo walijaribu dawa juu ya mbuzi na sungura kabla hazijauzwa. Kibao kilikuwa cha Kifaransa. Mama mdogo aliniomba nimsomee, nikamsomea: mali ya mtu binafsi, kituo cha majaribio, marufuku kuingia, marufuku kupiga picha.

"Kupiga picha ya nini?" aliuliza. "Ya mbuzi?"

"Ya chochote."

"Mbuzi ya mule ndani inakaaka uchi kuliko ya kwetu?"

Mvua ikachimba mfereji chini ya waya. Mbuzi mweusi akapita.

Tulimtafuta asubuhi nzima, tukaona kinyesi chake kwenye ule mfereji na nyuzi za kamba nyekundu zimenaswa kwenye mwiba wa waya. Nikasema twende langoni, tuulize, tuandike jina. Mama mdogo alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa viatu kwenye mkeka.

Ni lazima nieleze jambo hili, kwa sababu mahakamani hakuna aliyetaka kulielewa. Kwetu kambini, mnyama wako akiingia kwa mtu, husimami mbele ya nyumba kuita. Anayeita mbele amekuja kushitaki au kutangaza msiba. Unapita nyuma, upande wa jikoni, ukiwa na chakula kidogo. Unakaa. Unazungumza mvua, unazungumza kuku wanaokufa. Mwenye nyumba anakula, na akishakula yeye mwenyewe ndiye anayesema, ah, kuna mnyama hapa, nadhani ni wako. Ukimtaja mnyama wewe kwanza umemwita mwenzako mwizi. Nimeona wanawake waliochukiana miaka mingi wakirudishiana bata kwa njia hiyo bila sauti kupanda.

"Ile si nyumba, mama mdogo. Ni kampuni."

"Kampuni haina jiko?"

Akapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akafunga bakuli kwa kitambaa safi, akavaa sandali zake za kwendea harusini. Nikamfuata mpaka kwenye waya nikimwambia kwamba kuna sheria, kwamba mtu akiingia mahali palipozungushwa bila ruhusa anashitakiwa hata kama hakuiba kitu. Alinipa bakuli nimshikie, akashuka mfereji, akapita chini ya waya kwa ubavu, akanyoosha mkono nimrudishie bakuli. Nikampa. Mimi nilibaki nje, kwa kuwa sheria naijua.

Alitembea wima, polepole, hakujificha hata kidogo. Aliona moshi nyuma ya jengo dogo akaelekea huko, kwa sababu penye moshi pana jiko. Akapata ndoo, akaigeuza, akakaa, bakuli kwenye mapaja, nami nikasogea kwa nje ya waya mpaka nikamwona. Baadaye ndipo tulipojua kwamba moshi ule ulitoka kwenye shimo walimochomea mizoga.

Walinzi walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni, na sauti yake ilinifikia vizuri pale nilipokuwa.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Ninakaa."

"Unajua hapa ni wapi?"

"Ni ku jiko, hapana? Karibuni, mukule."

"Iko nini mu bakuli?"

"Sombe."

Mlinzi mkubwa akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Sombe. Muntu anaingia ku banyama ya majaribio na sombe." Akamrudia mama mdogo. "Umeleta sumu."

"Sumu ya nini, baba? Nimetia mafuta ya ngazi," alisema, yaani mawese.

"Basi kula weye."

Alidhani ni mzaha. Akamega kidogo, akala, akawatazama akitabasamu, akiwangojea nao wanawe mikono. Wakamwambia ale tena. Akala. Wakamwambia amalize.

"Minye nimekwisha kula ku nyumba," alisema.

"Maliza, mama. Kama ni muzuri, maliza."

Bukari ulikuwa wa watu wanne. Niliona mkono wake unakwenda na kurudi, na mlinzi mdogo akihesabu matonge kwa sauti na kucheka, na mkubwa akimwambia fungua kinywa, meza, fungua tena. Mwishoni alikuwa anakula macho yamefumba. Halafu wakamvua sandali wakazitupa shimoni, maana viatu vya nje huleta magonjwa, na mlinzi mdogo akaleta ile pampu ya kubeba mgongoni ambayo hunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akamnyunyizia kutoka miguu hadi kichwa.

"Geuka, mama. Na makwapa."

Akageuka. Na alipogeuka akamwona mbuzi wake, kwa kuwa ukuta wa zizi upande ule ulikuwa wa nyavu. Kamba nyekundu haikuwepo. Sikio, lilelile alilolionyesha mbinguni, lilikuwa limekatwa ncha, na kwenye lililobaki kilining'inia kipande cha plastiki cha njano.

"Ile njo yangu," alisema. Alimtaja mbuzi yeye kwanza. Nadhani hilo lilimuuma kuliko pampu.

Nilikuwa nimetoa simu na kuanza kupiga picha. Mlinzi mkubwa aliniona, akaja taratibu mpaka kwenye waya, akanyoosha kiganja.

"Weye wa simu. Futa."

"Niko nje. Sijaingia."

"Miguu yako iko inje. Macho yako iko ndani. Futa, ao nakuingiza na miguu."

Nilijaribu kumweleza tofauti. Alisikiliza mpaka nilipomaliza sentensi, kisha akaninyang'anya simu kupitia waya, akafuta mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayemrudishia mkubwa wake chenji. Siku hiyo hiyo polisi walimchukua mama mdogo, miguu mitupu, amelowa, ananuka dawa ya kupe, akalala kasho, mahabusu ya polisi, na wanawake waliomsogezea ukuta mzima ili asiwakaribie. Alipotoka kungojea kesi, ngozi ya shingo ilikuwa imechubuka kwa dawa.

Nilirudi Ferme, mara hii kwa lango, na diploma yangu katika bahasha. Aliyetoka kunisikiliza alikuwa daktari wao wa mifugo, kijana wa rika langu. Sura yake niliijua. Tulikuwa chuo kimoja Lubumbashi, tuliwahi kupiga kelele pamoja maji yalipokatika kwenye mabweni. Naye alinikumbuka. Hakunifungulia.

"Mbuzi yenu ilikuja wakati mubaya," alisema. "Ao wakati muzuri, inategemea. Kundi ilipungukiwa na mumoja."

"Kwa hiyo mkamtia wetu."

"Mbuzi bila alama ni mbuzi bila mwenyewe."

"Alikuwa na kamba nyekundu shingoni."

"Kamba si alama. Kamba ni kamba."

Nikamuuliza wanafanya nini. Akanieleza bila kuficha, hata kwa kiburi kidogo: wanajaribu dawa mpya ya kupe, kundi moja linapewa nyingi, kundi jingine kidogo, halafu wanaangalia inaharibu nini mwilini. Wa kwetu alikuwa katika kundi la nyingi. Alikuwa ameanza kutoa povu lakini anakula vizuri.

"Na mkimaliza?"

"Protokole inasema tunafungua bote. Tunaangalia maini."

"Mrudisheni kabla."

"Akitoka, jaribio yote inaharibika. Na hata akitoka, mutamukula? Mule mwilini mwake sasa muko dawa, mukimukula mutaniona tena kwa sababu ingine."

Nikamwambia kwamba mtu akimkata mbuzi wa mwenziwe sikio barabarani, watoto wenyewe watamzomea. Yeye amemkata nyuma ya waya, na aliyelala kasho ni yule aliyeona. Akafikiri, nadhani kweli alifikiri.

"Weye ulisoma sheria," alisema. "Minye nilisoma banyama. Si shiye tuliojenga hii waya."

Nilipokuwa natembea kurudi nilijiuliza, kama ninavyojiuliza hadi leo, waya ule ulikuwa unamzuia nani asifanye nini. Hakuna mwizi aliyewahi kukamatwa pale. Waliokamatwa walikuwa wanawake wa uyoga, kichaa mmoja wa sokoni, na mama mdogo. Niliambiwa chuoni kwamba sheria ya kuingia bila ruhusa inalinda utulivu wa mtu nyumbani mwake. Nakubali. Lakini pale hapakuwa na mtu wa kulala. Palikuwa na wanyama waliokuwa wanatoa povu, na utulivu uliolindwa ulikuwa ni wa kutokuonekana.

Mahakamani mama mdogo alishitakiwa kwa kuingia na kwa kuleta chakula cha nje mahali pa majaribio. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa kesi nyingine, waliochoka, wenye njaa ya kucheka. Jaji alikuwa na sauti laini.

"Mama, ulipita mlangoni?"

"Hapana, bwana prezida. Mulango ni ya benye kuya kugombana."

Kicheko cha kwanza.

"Kwa hiyo wewe ulipita chini ya waya kwa ajili ya amani."

"Ndiyo."

Kicheko kikubwa zaidi. Jaji aliwaacha wacheke mpaka wakaridhika.

"Na ulipofika, ulifanya nini?"

"Nilikaa. Nilingojea banitajie mbuzi."

"Nani akutajie? Nguruwe?"

Aliwaeleza desturi yote, kama nilivyoieleza hapa, ila yeye aliieleza vizuri zaidi, na kadiri alivyoieleza vizuri ndivyo walivyocheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu, wa kambini kwetu, aliyewahi kurudishiwa bata wake na mama mdogo kwa njia hiyo hiyo, alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimtazama. Akageuza uso, akaendelea.

Mama mdogo akaomba mbuzi aletwe, jaji aone atakavyomfuata. "Nitamuita tu," alisema. "Nilimunyonyesha na chupa. Atakuya."

Hapo jaji aliacha kutabasamu, akaandika. Nilipata matumaini, nakiri. Lakini mwanasheria wa Ferme akasimama akasema mbuzi sasa ni kielelezo, na kielelezo hakiwezi kusafirishwa kwa sababu kina dawa mwilini, na mahakama haina zizi. Jaji akakubali kwamba mahakama haina zizi. Akaamuru kielelezo kihifadhiwe mpaka kikao kijacho pale kilipo, chini ya ulinzi wa mlalamikaji.

Nilisimama. Nikasema mlalamikaji ndiye anayemuua. Jaji akaniuliza kama nimeapishwa kuwa mwanasheria. Nikasema bado.

"Basi kaa, binti. Na ukikaa, kaa kwenye kiti, si kwenye ndoo."

Walicheka tena, na mimi nikakaa.

Kikao kijacho kilichelewa, kama vinavyochelewa vyote. Mara umeme, mara jaji ana semina. Mama mdogo hakuacha kujiandaa. Alikuwa anafanyia mazoezi sauti ya kumwita mbuzi, uani, akipika, ile sauti ya ulimi na meno, na mkaza-mwana wake, mama wa mtoto, alikuwa anafunga dirisha. Nilimwambia kuhusu sikio, kwamba hata akirudi ni mwenye kasoro. Akasema Mungu alimwona akiwa mzima, na Mungu si mtu wa Ferme, hawezi kubadilishiwa alichokwisha kuona. Nikamwambia kuhusu dawa, kwamba nyama yake haitalika. Akasema atamchinja, atamfukia, neno litakuwa limetimia.

Yule daktari ndiye aliyeniambia. Nilikutana naye sokoni akichagua nyanya. Akasema jaribio limekwisha, wamefungua wote.

"Ni kielelezo cha mahakama," nilisema.

"Protokole haijui mahakama." Aliendelea kubonyeza nyanya. "Ini yake ilikuwa mubaya sana, kama unataka kujua. Tulijifunza kitu."

Katika kikao cha mwisho mwanasheria wa Ferme alisikitika. Alisikitika vizuri, kwa maneno mengi. Kielelezo hakipo tena, kwa sababu za kisayansi. Jaji akamgeukia mama mdogo akamweleza, polepole, kama anayemsaidia: yeye anadai aliingia kumfuata mbuzi wake. Lakini hakuna mbuzi. Na kama hakuna mbuzi, haiwezekani kuthibitisha kwamba alikuwa wake, na kama haithibitiki kwamba alikuwa wake, basi aliingia bila sababu. Akampata na hatia. Kwa kuwa ni mtu mzima, kifungo kikaahirishwa: akigusa tena waya ule, anakwenda kukitumikia gerezani.

"Na mbuzi?" mama mdogo aliuliza.

"Mbuzi gani?" jaji alimuuliza.

Hakukuwa na dhihaka ndani yake. Faili ilikuwa imekwisha kufungwa na kwenye faili hakuna mbuzi.

Mwana wake akarudi safari na mbuzi mwingine juu ya lori, mweupe, mkubwa kuliko yule, masikio yote mawili. Alikuwa amemuuliza shehe, na shehe alisema kilichokushinda bila kupenda kwako, Mungu hakudai. Chinjeni huyu, mwambieni Mungu nia yenu. Nilifikiri hilo ni jibu zuri, la mtu mwenye akili. Nilimwambia mama mdogo hivyo. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

Shughuli ilifanywa mchana. Kambi yote ilikuja, hata yule mwanamke wa bata. Mama mdogo aliombwa amshike mbuzi miguu, kama bibi wa mtoto. Alikaa.

"Mama," mwanawe alisema, "bantu banangojea."

"Muchinje. Minye sikatazi. Ni nyama, muchinje, mukule."

"Ni akika."

"Ni nyama. Akika yake balishaifungua mu Ferme, bakaangalia ini."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya shehe, mbele ya wageni, mjukuu akiwa mapajani mwake anacheza na ushungi wake. Watu wakatazama masufuria. Mwanawe akamshika mbuzi miguu mwenyewe na shehe akasoma dua haraka. Pilau ikapakuliwa, watu wakala vizuri, wakaanza kuzungumza tena. Sahani ya mama mdogo ilikaa mbele yake mpaka mafuta yakaganda.

Mkaza-mwana wake akaja kuinama karibu naye. Ni mwanamke mpole. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti ndani ya nyumba ile.

"Kula, mama. Bantu banaona."

"Si weye uliyemuambia Mungu. Ni minye."

"Ndiyo," mkaza-mwana alisema. "Ni weye." Akakunjua vidole vya mtoto kutoka kwenye ushungi, kimoja kimoja, akamwinua. "Basi ile neno yenye haikutimia iko ku shingo yako, haiko ku ya mutoto. Ibakie kwako."

Nina hoja za kutosha dhidi ya nadhiri, na ningeweza kuwapa wote wawili. Mama mdogo alikuwa amebaki na mikono imefunguka mapajani, kwa umbo lile lile la kumshika mtoto, na hakuikunja.

Sasa mtoto anatambaa. Hana homa, meno yanaota, anapenda kila kinachong'aa. Akianza kuelekea mkeka wa mama mdogo, mama yake humshika kifundo cha mguu, bila hasira, na kumgeuza aelekee upande mwingine.